Sura ya Tano: Watu Wetu wa Redioni

Malili ni mji wa barabara. Uko Makueni, upande wa Kilome, kando ya njia kuu iendayo Mombasa, na malori hupita hapo usiku na mchana. Basi likisimama, wauzaji wa machungwa na maembe huwahi madirishani kabla utingo hajashuka. Jirani yake kuna ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza mnamo Januari 2013. Tangu hapo Malili imepokea watu wa kila namna: mafundi wa mkataba, madalali wa viwanja, walinzi, wapishi, wanafunzi.

Katika mji kama huu, watu wanaokula meza moja mara nyingi hawajuani. Dereva ametoka bandarini, fundi wa umeme amekuja Konza kwa kazi ya miezi mitatu, mwenye kibanda amezaliwa Mukaa, na binti pembeni anasubiri gari la Wote. Wazungumze nini? Siasa inaweza kuharibu chakula. Habari za mvua huisha haraka, maana Ukambani kila mtu anajua kama imenyesha au imekataa. Jirani hasemwi mbele ya wageni. Basi mtu mmoja hutaja jina la mwanamuziki, na mara meza nzima ina la kusema.

Wengi huyaona mazungumzo hayo kuwa porojo za kupitisha muda. Mimi nayaona kuwa miongoni mwa kazi kubwa tunazofanya tukiwa tumeketi. Tunapomsema mtu maarufu tunajifunza kuhukumu: nani alitenda haki, nani alimsahau mama yake, nani alilewa sifa, nani alistahili zaidi ya alichopata. Sura hii inahusu mafunzo hayo, na gharama wanayoilipa wale tunaojifunzia.

Nyumba ya mama

Alasiri moja nilikuwa katika kibanda cha chakula karibu na steji ya Malili. Sahani yangu ilikuwa ya muthokoi, na redio iliyofungwa ukutani kwa waya ilikuwa imewekwa Musyi FM. Ukapigwa wimbo wa zamani wa Kakai Kilonzo. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akaacha kutafuna.

"Huyu aliimba," alisema. "Hawa wa siku hizi wanapiga kelele tu."

Kijana wa bodaboda aliyeketi mbele yake, helmeti juu ya meza, akatabasamu. "Mzee, usinikasirikie. Katombi umemsikiliza au umesikia tu spika za matatu?"

"Nimemsikiliza. Kazi yake ni kutaja watu majina."

"Hata Kakai alitaja watu."

Hapo mwenye kibanda akaingilia, mwiko mkononi. "Kakai alitaja watu lakini alikuwa na kisa. Ukimfuata mpaka mwisho unajua nani alimkosea nani."

Kutoka hapo mazungumzo yakahama. Ilisemwa kwamba mwanamuziki fulani wa siku hizi amenunua gari kubwa ilhali mama yake bado anaishi katika nyumba ya zamani. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa habari hiyo, na mimi simtaji mwanamuziki huyo kwa sababu hiyohiyo. Lakini mjadala uliofuata ulikuwa wa kweli kabisa. Mzee alishikilia kwamba mtoto akipata fedha huanza na paa la mamaye. Fundi mmoja aliyekuwa kimya hadi hapo akasema gari ni chombo cha kazi kwa mwanamuziki, maana asipofika Kitui kwa wakati halipwi. Mwenye kibanda akauliza kama huyo mama mwenyewe aliwahi kulalamika, au ni watu tu wanaomlalamikia.

Kisha yule kijana, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi nilinunua pikipiki kwanza."

Meza ikatulia kidogo. "Pikipiki ni jembe lako, mwanangu," mama mwenye kibanda akamjibu. "Ila usiichelewe nyumba ya mama."

"Sawa, mwaitu," akasema, akachukua helmeti yake akaenda kazini.

Dakika 20 za maneno kuhusu msanii asiyetujua zilikuwa zimemfikisha kijana mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kumpeleka moja kwa moja. Kama mzee angemuuliza tangu mwanzo, "Wewe mama yako analala wapi?", ungezuka ugomvi. Habari za msanii zilimpa kijana nafasi ya kujipima bila kupimwa na mtu, na zilimpa mama yule nafasi ya kumshauri mtoto asiye wake. Fundi naye alipata kutetea matumizi ambayo huenda hata kwake nyumbani hayaeleweki. Kila mmoja aliongea habari zake kupitia mlango wa mtu mwingine.

Kazi ya umbea

Wataalamu wameyaangalia mambo haya kwa makini. Mwaka 1963 Max Gluckman, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Afrika Kusini na kufundisha Manchester, aliandika kwamba umbea huishikilia jamii pamoja, na kwamba haki ya kuwasema watu wa kundi fulani ndiyo dalili ya kuwa mmoja wao. Mgeni haruhusiwi kumsema shangazi yako hata kama anayosema ni kweli. Miaka 34 baadaye Robin Dunbar wa Uingereza na wenzake walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo ya kawaida ya watu, wakakuta kwamba karibu theluthi mbili ya muda hutumika kuzungumzia mambo ya kijamii: watu, mahusiano yao na mwenendo wao. Kazi, siasa, michezo na mengineyo hugawana kinachobaki.

Wakamba hawakuhitaji kuambiwa hayo na profesa. Katika ngoma zao za zamani kulikuwa na myali, nyimbo za kejeli na maonyo ambamo mtu aliyekosa angeweza kusikia kosa lake likiimbwa mbele ya kijiji. Mwimbaji alikuwa na ruhusa ambayo msemaji wa kawaida hakuwa nayo. Paul Kavyu, aliyechapisha kitabu kuhusu muziki wa Kikamba mwaka 1977, ni mmoja wa waliotuachia kumbukumbu ya utajiri wa ngoma hizo. Benga ya Kikamba iliyokuja baadaye na magitaa ya umeme ilirithi desturi hiyo ya kusema watu: mahari, wakwe, madeni, mume aliyepotelea Nairobi.

Lakini Malili si kijiji cha ukoo mmoja. Dereva wa Mombasa hamjui shangazi yangu, na mimi simjui wake. Tunahitaji watu tunaowajua sote, ambao kila mmoja wetu ana haki ya kuwasema. Watu mashuhuri ndio wanaolijaza pengo hilo. Ni jamaa wa pamoja wa watu wasio na ujamaa. Waamerika wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandika jambo hili mwaka 1956, wakati televisheni ikiingia majumbani kwao: mtazamaji humzoea mtangazaji hadi akahisi ni rafiki yake, ingawa mtangazaji hamjui. Ukaribu huo unatoka upande mmoja tu. Huku kwetu ulianzia redioni.

Redio moja, nyumba nyingi

Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa umri fulani huyeyuka wakisikia sauti fulani, akumbuke jinsi milango ilivyokuwa michache. Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja cha televisheni, na nyumba nyingi za Ukambani hazikuwa hata na televisheni. Kulikuwa na redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC. Betri zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari, salamu, mpira na vipindi vichache vilivyopendwa.

Kimojawapo kilikuwa cha Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa mwaka 1940 Freretown, Mombasa, katika ukoo uliotokana na watumwa walioachwa huru; baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa 1934. Mwaka 1966 mwana alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, na kwa zaidi ya nusu karne aliwauliza Wakenya swali hilohilo kuhusu mambo madogo wanayotendeana: barabarani, mezani, kwenye foleni, nyumbani kwa watu. Mbotela ndiye pia aliyewapa watu mpira wa akina Joe Kadenge kwa masikio, na ndiye ambaye wanajeshi walioasi walimchukua alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 ili atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walijua wananchi wanamwamini nani. Alifariki Februari 2025, na waliomlilia Makueni na Kitui hawakuwa wamewahi kumpa mkono.

Televisheni ilipoenea, akaja Mzee Ojwang wa Vitimbi na Mama Kayai wake. Ojwang alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Katika nchi inayoulizana majina ya ukoo kila uchaguzi unapokaribia, Mkikuyu aliyeongea kwa lafudhi ya Kijaluo alipendwa na wote, Mkamba wa Sultan Hamud akiwemo, na akafanywa mzee wa kila nyumba. Huo ni ushahidi wa jambo jema lililo ndani ya watu. Tukipewa nafasi ya kumpenda mtu kabla ya kumuuliza ametoka wapi, tunaweza.

Upande mwingine wa tabia yetu ulionekana mwishoni. Wanjau alizeeka, macho yakampa taabu, na maisha yake hayakufanana na umaarufu wake. Habari zilipotangazwa mwaka 2015 Wakenya walichanga ili atibiwe macho. Alifariki Julai mwaka huohuo. Tulikuwa tumecheka naye kwa miongo kadhaa, na wengi wetu tulijiuliza anakula nini ule mwaka wa mwisho tu.

Kwa nini zamani ni tamu

Turudi kwenye dai la yule dereva, kwamba wa zamani waliimba na wa sasa wanapiga kelele. Kila kizazi hulisema. Waliokuwa watu wazima benga ilipoanza kuvuma, wakiwa wamezoea Fundi Konde na Fadhili William, nao walilalamikia magitaa ya vijana. Kuna sababu mbili zinazofanya dai hili lisikike kuwa kweli hata pale lisipokuwa kweli.

Ya kwanza ni chujio la muda. Katika miaka ya 1970 na 1980, River Road jijini Nairobi ilijaa maduka na watayarishaji wa santuri, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Bendi za Kikamba zilikuwa nyingi, na nyimbo zao nyingi zilisahaulika upesi. Zilizobaki ni chache, kama Katelina ya Kalambya Sisters, wasichana waliopigiwa muziki na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki, na ambao sauti zao nyembamba bado zinamsimamisha mtu njiani. Tunailinganisha Katelina na wimbo wowote uliotoka juma lililopita. Hatuilinganishi na nyimbo dhaifu zilizotoka mwaka uleule, kwa sababu hizo hakuna anayezikumbuka. Wimbo wa juma lililopita haujapita kwenye chujio. Ukiupa miaka 40 utajua kama ulikuwa kelele.

Ya pili ni umri wetu wenyewe. Wanasaikolojia wamegundua, kwa kuwauliza watu wazima wasimulie maisha yao, kwamba kumbukumbu nyingi zaidi hurundikana kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ndio wakati wa mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza ya Nairobi, mshahara wa kwanza, mpenzi wa kwanza, mtoto wa kwanza. Muziki uliokuwa ukipigwa wakati huo umefungwa pamoja na mambo hayo. Dereva wetu anapomsifu Kakai, anausifu pia mgongo wake uliokuwa haujauma, na barabara aliyoipita akiwa na miaka 25. Ana haki ya kuvikumbuka. Asichokuwa na haki nacho ni kumwambia kijana wa pikipiki kwamba miaka yake 25 haina thamani. Kijana anajaza ghala lake sasa hivi. Siku moja atamtaja Katombi au Maima kwa sauti ileile, na mtoto fulani atamjibu kwa kicheko kilekile.

Hata hivyo kuna kitu cha kweli kilichopotea, na wazee wanakisikia hata wasipokipa jina. Redio ilipokuwa moja, kila mtu alisikia jambo lilelile saa ileile. Asubuhi yake ungeweza kumwambia mtu usiyemjua, "Ulimsikia Mambo jana?", na akajua unachosema. Leo abiria 14 katika matatu wanaweza kuwa na visikizi 14 masikioni. Wana nyota 14 tofauti. Wanaposhuka Malili hawana jamaa wa pamoja wa kumsema. Nadhani hilo ndilo tunalolililia tunaposema muziki umeharibika. Vipaji vipo, tena vingi. Baraza ndilo limepungua. Ndiyo sababu nathamini redio ya ukutani katika kibanda kile, na stesheni za Kikamba zinazowafanya wapishi, madereva na mafundi wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Wanaume wawili

Hukumu zetu zinafananaje tukizikagua? Nichukue wanaume wawili wa Ukambani.

Kakai Kilonzo alizaliwa 1954. Aliongoza Kilimambogo Brothers, akaimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kilimfikisha mbali kuliko wenzake wengi wa benga ya Kikamba. Alifariki 1987.

Benson Masya alizaliwa Kitui 1970. Mwaka 1992 mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika Newcastle, Uingereza, na Masya akawa bingwa wa kwanza. Alishinda mbio za Great North Run mara 4 na marathoni ya Honolulu mara 3. Alifariki Septemba 2003.

Hesabu miaka yao. Hakuna hata mmoja aliyefikisha 34. Wote walitoka katika nyumba za kawaida, wakafika mahali ambapo jirani zao hawakuwa wamefika, wakafa kabla ya kupata mvi. Lakini sikiliza watu wanavyowataja. Kakai hutajwa kwa nyimbo zake. Masya, pale anapotajwa, mara nyingi hutajwa kwa fedha: alipata nyingi, zikaenda wapi? Mtu ambaye hawezi kukueleza hata mbio moja aliyokimbia Masya anaweza kukueleza kwa undani jinsi anavyoamini mali yake ilivyokwisha.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ninaloliamini ni kwamba Kakai alitutoka akiwa bado anaimba. Hatukupata nafasi ya kumwona akizeeka, akirudia nyimbo zake kwenye harusi, akikopa nauli. Kumbukumbu yetu ilimhifadhi pale juu. Masya aliacha kushinda kabla ya kufa, na sisi tukapata miaka michache ya kumtazama akiwa mtu wa kawaida. Hatukumsamehe kuwa mtu wa kawaida. Mkimbiaji ana miaka kama 10 ya kupata fedha ambazo mwalimu huzipata kidogokidogo kwa 40, na huzipata akiwa kijana, mbali na wazee wake, huku jamaa wakiongezeka kila anapovuka utepe. Ni wangapi kati yetu waliowahi kushika pensheni mikononi kwa mkupuo na bado wanayo?

Ukali wetu juu ya walioanguka una mzizi mmoja na sifa tunazowapa walioinuka. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston mwaka 1993, akarudia 1994 na 1995. Mwanawe alizaliwa siku chache kabla ya ushindi wa kwanza, naye akamwita Gideon Boston. Ukambani mtoto hupewa jina la babu ili babu aendelee kuwapo nyumbani; Ndeti aliupa nafasi hiyo mji wa ugenini uliompa heshima. Majina ya namna hii yamejaa njiani. Ukiteremka kutoka Malili utafika Sultan Hamud, mji unaobeba jina la Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa mwaka 1898. Ukipanda kuelekea Nairobi utapita Syokimau, jina la nabii wa Kikamba anayesimuliwa kwamba aliitabiri reli hiyo kabla haijaja, na ambaye tangu 2012 stesheni ya treni nayo inaitwa kwa jina lake. Tukimpenda mtu tunamweka katika ukoo wetu na katika ardhi yetu. Kwa hiyo akituangusha tunahisi ametuibia kitu chetu. Hapo ndipo haki inapopotea, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kuwa mali yetu.

Siku hizi wanasikia

Kwa muda mrefu, kuwasema watu mashuhuri kulikuwa hakumdhuru mtu. Maneno ya kibandani yalifia kibandani. Kakai hakuweza kusikia mtu wa Malili alisema nini juu ya ndoa yake. Kwa hiyo tulikuwa huru kuzidisha, kudhania, kucheka, na kesho kugeuza maoni. Umbea wa zamani ulikuwa na hewa ya kutosha.

Simu zimebadilisha jambo hilo. Neno linalosemwa mezani leo linaweza kuandikwa chini ya picha ya msanii na kumfikia kabla chai haijapoa. Anayelisoma ni mtu mmoja, na walioandika ni maelfu. Kila mmoja wao anadhani ametupa neno moja tu. Mama wa msanii anaweza kulisoma, na watoto wake shuleni wanaweza kulisomewa na wenzao. Msanii mwenyewe huenda anapita barabara hii jioni kwenda kupiga muziki Emali au Kibwezi, na akasimama kununua machungwa. Wasanii wengi wa Ukambani si watu wa majumba ya mbali. Wanakaa miongoni mwetu, wanazika na sisi, wanakopa katika vyama vilevile vya akiba. Ule ukaribu wa upande mmoja walioueleza Horton na Wohl umepata upande wa pili, na upande huo ndio unaoumia.

Sisemi watu wanyamaze. Jamii isiyowasema watu wake wakubwa itatawaliwa nao vibaya. Msanii anayetukana wanawake jukwaani asemwe. Mwenye fedha asiyewalipa wapiga gitaa wake asemwe. Myali ziliimbwa kwa sababu kuna makosa yanayopona tu yakitajwa hadharani. Lakini aliyeimba myali aliimba akiwa amesimama mbele ya watu, uso wake ukionekana, na kesho yake alikutana kisimani na yule aliyemwimba. Alijua anachokisema, na alikuwa tayari kujibu. Sheria hiyo ya kale inatutosha hadi leo. Kama ungeweza kulisema neno lako huku mhusika ameketi meza ya pili, liseme. Kama ungelimeza, limeze pia ukiwa na simu mkononi.

Mwenye kibanda wa Malili aliuliza swali ambalo sote tungepaswa kuanza nalo: mama mwenyewe amelalamika, au ni watu tu? Hapo anatenganisha tunachokijua na tunachokitamani kiwe kweli. Swali hilo lingeokoa heshima ya watu wengi waliohukumiwa kwa habari isiyo na mwenyewe. Mbotela alifundisha jambo hilohilo kila juma kwa kuuliza, na wasikilizaji wake walijirekebisha bila kutajwa majina.

Basi waseme watu mashuhuri, msomaji wangu, kwa sababu kuwasema kunatufundisha na kunatuunganisha. Mpende Kakai wako na umwache kijana ampende Katombi wake. Lipa kiingilio cha onyesho badala ya kusubiri mchango wa hospitali. Na ukimtaja Benson Masya, anza na Newcastle 1992, siku Mkamba wa Kitui alipokuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Hilo alilifanya, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.